Toussaint Louverture, jemadari aliyengoja mvua

Tarehe 7 Aprili 1803, Toussaint Louverture alikutwa amekufa gerezani katika ngome ya Joux, kwenye milima ya baridi kali mashariki mwa Ufaransa. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, jeshi lililomkamata lilikuwa linateketea kwa homa ya manjano.

Toussaint alizaliwa mtumwa katika shamba la Bréda, kwenye koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Watumwa wengi wa huko walizaliwa Afrika, na sehemu kubwa yao walitoka upande wa ufalme wa Kongo. Alipata uhuru wake kabla ya vita. Watumwa walipoasi Agosti 1791, alijiunga nao kwanza kama mganga, kwani alijua dawa za miti shamba, kisha akawa jemadari.

Kuanzia mwaka wa 1793 Waingereza walijaribu kuteka koloni hilo. Waliondoka mwaka wa 1798, wakiacha makaburi ya askari zaidi ya 10,000, wengi wao wakiwa wameuawa na homa. Toussaint aliliona hilo na hakulisahau.

Hakujua kwamba homa hiyo huletwa na mbu. Madaktari walithibitisha jambo hilo nchini Kuba mwaka wa 1900 tu. Mbu huyo alitoka Afrika ndani ya meli za watumwa, akazaliana katika vyombo vya maji vya mashamba ya miwa. Aliyeugua utotoni akapona, hashikwi tena. Mgeni kutoka Ulaya hakuwa na kinga hiyo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1801, Napoléon alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, na maelfu ya askari ili kurudisha utawala wa Ufaransa. Toussaint alimwagiza msaidizi wake Dessalines achome miji, awanyime adui chakula na makao, kisha asubiri majira ya mvua.

Lakini vita vilimchosha, na majemadari wake kadhaa wakahamia upande wa Leclerc. Mwezi wa Mei alikubali kuweka silaha chini, wakati homa ndiyo kwanza inaanza kuua. Mwezi wa Juni aliitwa kwenye mkutano, akakamatwa kwa hila na kusafirishwa Ufaransa.

Mvua ikafanya kazi aliyoitabiri. Leclerc mwenyewe alikufa kwa homa tarehe 2 Novemba 1802. Hata hivyo mbu hawakushinda vita peke yao: Dessalines na wapiganaji wake waliwashinda Wafaransa huko Vertières tarehe 18 Novemba 1803, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Tayari Napoléon alikuwa ameiuzia Marekani eneo la Louisiana.

Toussaint hakuiona siku hiyo. Wageni waliangamizwa na joto na mvua za nchi yake. Yeye aliangamizwa na baridi ya nchi yao.