Hugh Bennett: Bwana shamba aliyelishawishi Bunge kuokoa udongo

Kila serikali inapotunga sera ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, hukutana na swali lile lile: lengo liwe kubwa kiasi gani, na wakulima pamoja na wabunge watakubali kulifuata hadi wapi? Maisha ya Hugh Hammond Bennett, Mmarekani aliyepewa jina la baba wa hifadhi ya udongo, yana jibu ambalo mkulima anaweza kulipima mwenyewe.

Bennett alizaliwa Aprili 15, 1881 katika shamba la pamba karibu na mji wa Wadesboro, jimbo la North Carolina. Alihitimu chuo kikuu cha jimbo hilo mwaka 1903, akaajiriwa na Wizara ya Kilimo kuwa mpimaji wa udongo.

Mwaka 1905, akiwa kazini Louisa, jimbo la Virginia, alilinganisha vipande viwili vya ardhi vilivyopakana. Kimoja kilikuwa na miti, na udongo wake ulikuwa laini wenye kushika maji. Cha pili kilikuwa kimelimwa miaka mingi, na udongo wake ulikuwa mgumu. Hapo alitambua kuwa mvua huondoa udongo wa juu kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, kabla mwenye shamba hajaona korongo.

Hata hivyo, wakubwa wake hawakuwa na wazo hilo. Mwaka 1909 idara yake ilitoa chapisho lililoutaja udongo kuwa rasilimali isiyokwisha. Bennett hakuacha kazi. Aliendelea kupima na kuandika, na mwaka 1928 wizara hiyo hiyo ilichapisha kijitabu alichoandika na mwenzake, kikiutaja mmomonyoko kuwa hatari kwa taifa zima.

Mwaka uliofuata Bunge lilitenga dola 160,000 kwa ajili ya vituo vya utafiti. Kwa nchi kubwa kama Marekani, fedha hizo zilikuwa kidogo. Bennett alizitumia kupata vipimo vya udongo unaopotea, maana aliwajua wanasiasa: bila takwimu, hawafungui mfuko.

Mdororo wa uchumi ulipoleta ukosefu wa ajira, alipata mlango mwingine. Mwaka 1933 serikali ilitoa dola milioni 5 kutoka kwenye fedha za kuwapatia watu kazi, naye akawekwa kuongoza idara mpya ya mmomonyoko. Mradi wa kwanza ulikuwa Coon Creek, jimbo la Wisconsin. Wakulima walitia saini mkataba wa miaka 5. Serikali ilileta vibarua, mbegu na vifaa, na mkulima akakubali kulima kwa kukinga mteremko. Jirani aliyekuwa na shaka aliweza kuja kujionea.

Wakati huo tambarare za Kansas, Oklahoma na Texas zilikuwa zimekumbwa na ukame. Majani yaliyoshika ardhi yalikuwa yameng'olewa kwa matrekta ili kupanda ngano, hivyo upepo ukabeba udongo. Mei 1934 vumbi lilifika Washington na New York. Inasimuliwa kwamba mwaka 1935, akijua dhoruba nyingine iko njiani, Bennett alirefusha maelezo yake mbele ya maseneta mpaka vumbi likatia giza madirishani. Aprili 27 mwaka huo Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya hifadhi ya udongo, na Bennett akapewa kuongoza chombo cha kudumu.

Sheria haikumpa uwezo wa kumlazimisha mtu. Mwaka 1937 Roosevelt aliwaandikia magavana akitaka majimbo yatunge sheria za kuwaruhusu wakulima kuunda wilaya zao za hifadhi. Ya kwanza, Brown Creek, ilianzishwa mwaka huo kwenye eneo alikozaliwa Bennett. Leo wilaya hizo ni karibu 3,000.

Hiari ina gharama yake. Miaka ya 1940, bei ya ngano ilipopanda na mvua kuwa nzuri, wengi walilima tena maeneo yaliyopaswa kubaki na majani. Ukame wa miaka ya 1950 ukarudisha vumbi.

Lakini amri nayo ina gharama. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kuanzia mwaka 1950. Lengo lilikuwa lile lile la kuzuia mmomonyoko, ila kazi ilikuwa nzito na wananchi hawakuona faida. Mwaka 1955 zilizuka ghasia na mpango ukafa.

Bennett alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kufariki dunia Julai 7, 1960. Lengo lake halikupungua tangu Louisa, bali alikubali kulifikia kwa hatua ambazo Bunge lingezilipia na mkulima angezikubali. Mkulima anayeletewa mpango wa tabianchi leo ana haki ya kuuliza mambo matatu: nani analipia kazi, shamba la mfano liko wapi, na bei ya mazao ikipanda, nini kitamzuia jirani yake asirudi kulima mteremko?