Seraphino Antao: Mwana wa Mombasa na Dhahabu ya Kwanza ya Kenya

Historia ya riadha nchini Kenya, kama inavyosimuliwa na wengi, huanzia Bonde la Ufa na huhusu mbio za masafa marefu. Sisi tuliozaliwa Chundwa, kisiwani Pate, tumekua tukiamini kwamba mbio ni kipaji cha watu wa milimani, na kwamba fungu la watu wa pwani ni bahari na tungo. Maisha ya marehemu Seraphino Antao yanaikanusha imani hiyo.

Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937. Wazazi wake walikuwa Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa, eneo la magharibi mwa Bara Hindi lililokuwa koloni la Ureno. Uhusiano wa Goa na pwani yetu ni wa kale. Katika enzi ya Wareno, makapteni waliotawala Mombasa na kuisumbua Pate walipokea amri zao kutoka Goa, na enzi hiyo ikakiachia Kiswahili maneno kama vile meza, leso na bendera. Hata hivyo, Wagoa waliokuja chini ya utawala wa Mwingereza hawakuja na mizinga. Walikuja kuwa makarani, washonaji na wapishi. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, na maisha yao yalisimama juu ya nguzo nne: familia, kanisa, shule na klabu. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi katika shule, hospitali na makazi, hivyo nguzo hizo zilikuwa kinga na pia ukuta. Katika mazingira hayo ndimo Antao alimolelewa.

Ni mbio zilizomtoa nje ya ukuta huo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 alianza kujulikana kama mkimbiaji hodari wa masafa mafupi, akifunzwa na kocha Ray Batchelor. Aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Cardiff mwaka 1958 na katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Kwa kuwa Kenya ilikuwa bado koloni, timu hiyo ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika, Mzungu na mtu wa asili ya Asia walivaa vazi moja.

Kilele cha maisha yake ya michezo kilifikiwa Perth, Australia, mnamo Novemba 1962, katika Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Antao alishinda mbio za yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akashinda pia mbio za yadi 220. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imepata nishani za shaba tu katika michezo hiyo, zilizoletwa na Arere Anentia na Bartonjo Rotich mwaka 1958. Kwa hiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya, na ya pili yake, zililetwa na kijana wa Mombasa. Inafaa kukumbuka hali yake wakati huo: Goa ya wazee wake ilikuwa imetwaliwa na India mnamo Desemba 1961, nayo Kenya aliyoikimbilia ilikuwa haijawa na bendera yake wala wimbo wake wa taifa.

Bendera hiyo ilipandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka uliofuata, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, huko Tokyo, Antao ndiye aliyeibeba mbele ya wenzake. Hakufika fainali katika mashindano hayo. Nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, ya shaba, ilitwaliwa na Wilson Kiprugut katika mita 800, na tangu hapo macho ya taifa yakageukia masafa ya kati na marefu.

Baadaye Antao alihamia Uingereza, kama walivyofanya Wagoa wengi katika muongo ule. Aliishi London hadi alipofariki mnamo Septemba 2011. Mkenya mwingine hakuishinda mbio fupi kuliko zote katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi Ferdinand Omanyala alipotwaa dhahabu ya mita 100 huko Birmingham mwaka 2022, miaka 60 baada ya Perth.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna deni hapa. Tumeandika mengi kuhusu watunzi na mashujaa wa Pate, Lamu na Mombasa, na tumefanya vyema. Lakini mara nyingi tumempima mtu wa pwani kwa nasaba na dini, na kwa vipimo hivyo Mgoa Mkatoliki huachwa mlangoni. Antao alizaliwa hapa, akalibebea taifa jina na bendera, na neno lenyewe bendera lilifika kwetu kwa njia ya bahari kama walivyofika wazee wake. Ikiwa tumelipokea neno hilo likawa letu kabisa, hatuna sababu ya kumwacha nje aliyeibeba. Wasifu kamili wa Seraphino Antao kwa Kiswahili ni kazi inayostahili kuandikwa, na mahali pake ni katika maktaba za shule zetu, za Chundwa zikiwamo.