Sheikh Al-Amin na Mizani ya Hoja

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ambao baada ya kuanguka utawala wao mwaka 1837 ulitawanyika, wengine wakaenda Gazi na wengine Takaungu, huku kwetu Kilifi. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Hayo yajulikana. Sisi twataka kumtazama kwa upande mmoja tu, nao ni namna alivyozipima hoja.

Katika mwaka wa 1930 alianza kutoa Sahifa, na katika 1932 Al-Islah. Vijana wa siku zile walikuwa na hoja yao: Wazungu wameendelea, Wazungu huvaa hivi na kucheza hivi, basi nasi tukivaa na kucheza kama wao tutaendelea. Kasoro yake ni hii: mambo mawili kukutana kwa mtu mmoja si dalili kuwa moja limelizaa la pili. Sheikh aliwaelekeza kwenye elimu na bidii, yaani yale hasa ambayo vijana hawakuyaiga.

Wazee nao walikuwa na yao: elimu ya kisasa yatoka kwa makafiri, kwa hiyo haina kheri. Hapa kitu kimehukumiwa kwa aliyekishika, nacho chenyewe hakikutazamwa. (Na stima za makafiri hao hao zilipandwa kwenda Hija.)

Lakini hoja ngumu kuliko zote, ambayo haijafa Malindi, Mambrui wala Takaungu, ni ile ya kusema kuwa hivi ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Sheikh alipokemea ubadhirifu wa harusi na matanga, hoja hiyo ndiyo ngao aliyoikuta mbele yake. Ukongwe wa jambo wathibitisha kuwa ni la kale, hauthibitishi kuwa ni sawa. Lau ukongwe ungalikuwa dalili, Makureshi wangalikuwa na haki mbele ya Mtume (s.a.w.), maana hoja yao ilikuwa hiyo hiyo. Leo shamba huwekwa rahani kwa harusi ya siku tatu na karo ya mtoto isipatikane; ukiuliza sababu, wapewa jawabu la Makureshi.

Alishika ukadhi wa Mombasa mwaka 1932 na Ukadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, na kalamu hakuiweka chini mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu, akaendelea kuandika kwa Kiswahili.