Ibn Hajar Al-Asqalani na Miaka ya Tauni

Jina la Sheikh Ibn Hajar si geni kwa mtu aliyekaa darsani katika pwani yetu. Bulughul Maram yake husomeshwa misikitini, na Fat-hul Bari, ambayo ni sharhe yake ya Sahihi ya Imam Bukhari, ndiyo marejeo ya masheikh wanapokhitilafiana. Lakini wengi wetu twavijua vitabu wala hatuyajui maisha ya mwenye vitabu. Mtu ayaonapo majuzuu yale yamepangwa rafuni hudhani kuwa aliyeyaandika alikuwa na nyumba ya raha na zama za utulivu. Hakuwa nazo.

Alizaliwa Misri katika mwezi wa Shaabani mwaka 773 Hijria (1372). Mama yake alikufa yeye angali mdogo sana, na baba yake akafuata mwaka 777, mtoto hajatimiza hata miaka minne. Akalelewa na wasii wake, tajiri mmoja wa biashara aitwaye Zakiyuddin al-Kharrubi, akahifadhi Kurani naye ni wa miaka tisa. Wasii akafariki mwaka 787. Akabaki dada yake, Sittur-Rakb, mwanamke msomi, ambaye Ibn Hajar alimhesabu kuwa ni mama yake wa pili. Naye akafa mwaka 798 angali kijana. Basi kila ukuta alioegemea uliondolewa mmoja baada ya mmoja.

Alisafiri sana kutafuta ilimu ya Hadithi: Sham, Makka, Madina na Yemen. Katika safari yake ya pili ya Yemen, mwaka 806, chombo alichopanda kilipasuka, na mali yake, fedha zake na vitabu vyake vyote vikazama. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwenyezi Mungu akajaalia vingi katika hivyo vikaopolewa, naye akaendelea na safari ya ilimu kana kwamba hakupatikana na jambo.

Mwaka 817 alianza Fat-hul Bari. Alipokuwa katika kazi hiyo, tauni iliingia Kairo, na binti zake wawili wakafa katika mwaka huo wa 819 (1416). Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Huyu ni mtu ambaye kalamu yake imo katika kueleza maneno ya Mtume (S.A.W.), zikiwemo Hadithi za tauni yenyewe, na jeneza mbili zatoka nyumbani kwake. Hakuiacha sharhe, wala hakuukimbia mji. Bali mwaka ule ule alianza kitabu kingine, Badhlul Ma'un, akikusanya humo yote yaliyopokewa juu ya tauni: hukumu ya mji ulioingiwa na maradhi, daraja ya anayekufa humo, na subira ya wanaobaki.

Miaka kumi na minne baadaye tauni ilirejea kwa nguvu kubwa zaidi, mwaka 833 (1430). Safari hii ilimchukua binti yake mkubwa, Zayn Khatun, naye ni mja mzito. Na katika mwaka huo lilitokea jambo aliloliandika yeye mwenyewe, nalo lafaa lisomwe na kila mtu anayedhani kutawakali ni kupiga kelele. Mwanzo wa maradhi, waliokuwa wakifa Kairo hawakufika arubaini kwa siku. Ikatangazwa watu wafunge siku tatu, kisha watoke jangwani kwa pamoja kama watokavyo kuomba mvua. Wakatoka, wakakusanyika, wakaomba, wakarudi. Mwezi haukwisha ila waliokufa walizidi elfu kwa siku moja.

Ibn Hajar hakuikataa dua. Alilokataa ni kuzua ibada ya mkusanyiko ambayo Masahaba hawakuifanya, nao tauni iliwafikia Sham katika zama za Sayyidna Umar. Na huyo Umar, alipopata khabari ya tauni ile naye yuko njiani kwenda Sham, aliwarudisha watu Madina. Hakuona kuwa kurudi ni upungufu wa imani. Ibn Hajar akalieleza jambo hilo kwa urefu: kushika sababu hakuvunji tawakuli, maadamu moyo umemtegemea Mwenye sababu. Juu ya asili ya tauni alisema kwa kadiri ya ilimu ya zama zake. Leo madaktari wamekwisha jua kuwa ni kijidudu kichukuliwacho na viroboto vya panya. Sisi tulipofungiwa misikiti mwaka 2020 kwa ajili ya korona, tuligombana barazani kwa hoja ambazo yeye alikwisha zipima miaka mia tano na zaidi kabla yetu. Laiti tungelifungua kitabu kwanza.

Ya dunia hayakumtulia pia. Ukadhi mkuu wa Kishafii wa Misri alipewa mwaka 827, akavuliwa mwaka ule ule, akarudishwa, akavuliwa tena, na hali ikaenda hivyo mara kadhaa hata jumla ya miaka ya ukadhi wake ikazidi ishirini. Alijuta kuukubali. Lakini, awe kadhi au awe amevuliwa, wanafunzi walikutana naye siku moja ya kila juma, wakaisoma sehemu ya sharhe iliyokwisha andikwa, wakailinganisha na asili, wakabishana, naye akasahihisha. Masultani wamepita na tauni zimepita, na kikao hicho kiko palepale.

Sharhe ilikamilika mwezi wa Rajabu mwaka 842 (1438), baada ya miaka khamsa wa ishrini. Mwezi uliofuata alifanya karamu nje ya mji wa Kairo, akatumia dinari kama 500, wakahudhuria maulamaa na wakubwa wa mji. Binti yake mkubwa alikuwa amekwisha lala kaburini miaka tisa.

Aliuacha ukadhi kwa mara ya mwisho mwaka 852, na katika Dhulhija ya mwaka huo akafariki. Sultani Jaqmaq alikuwa miongoni mwa waliomsalia.