ABU HURAYRA (R.A.) NA PAKA WAKE

Ndugu Muislamu, unamjua Abu Hurayra (R.A.) kwa Hadithi zake, zaidi ya 5,000. Je, jina hilo, yaani baba wa kipaka, alilipata wapi? Alikuwa mtu wa kabila la Daws, huko Yemen, akichunga mbuzi wa jamaa zake. Alikuwa na kapaka kadogo: usiku anakaweka mtini, mchana anakwenda nako machungani na kucheza nako. Mwaka wa 7 Hijria alifika Madina, akakaa Suffa pamoja na mafukara, njaa ikimuuma. Naye ni mmoja wa waliotufikishia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Nawe uliyemfungia paka wako ndani ya depo akukamatie panya, panya wakiisha anakula nini?