Temu: Askari aliyewapa Wakenya mchezo wa taifa

Jioni inapoingia Kishushe, chini ya Milima ya Taita na jirani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, mchezo unaowakusanya watoto ni kandanda. Hauhitaji zaidi ya kiwanja cha vumbi, mawe mawili ya kuonyesha lango na mpira wa matambara. Hali ni hiyo hiyo kutoka Voi hadi Taveta, na kwa hakika katika sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo, mtu wa ng'ambo akitajiwa Kenya, kinachomjia akilini kwanza si kandanda bali ni riadha.

Hakuna aliyeutangaza mchezo huo rasmi. Katiba ya mwaka 2010 inataja bendera, wimbo wa taifa, ngao na muhuri kuwa nembo za taifa, wala haitaji mchezo wowote. Anayetaka kujua riadha ilikwezwa vipi hadi daraja hilo hana budi kuyarejea maisha ya hayati Naftali Temu.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili, 1945, katika nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya. Wakati huo kandanda ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Tangu mwaka 1926, Kenya na Uganda zilikuwa zikiwania Kombe la Gossage. Riadha, kwa upande wake, ilikuwa bado inatafuta jina. Mgusii mwenzake, Nyandika Maiyoro, ndiye aliyetangulia kulifungua lango hilo alipomaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, mara ya kwanza kwa Kenya kushiriki michezo hiyo.

Temu alijiunga na jeshi, na huko akanoa kipaji chake. Mwanzo wake haukuwa wa kutia moyo. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19, alishindwa kumaliza mbio za mita 10,000, na katika marathoni akawa wa 49. Sifa za michezo hiyo zilimwendea Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800.

Askari huyo hakukata tamaa. Miaka miwili baadaye, mjini Kingston, Jamaica, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alipambana na Ron Clarke wa Australia katika mbio za maili sita. Clarke ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya masafa hayo, na wengi waliamini kuwa hana mpinzani. Temu alimwacha na kutwaa dhahabu.

Siku yake kuu ilikuwa tarehe 13 Oktoba, 1968, mjini Mexico City, mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya huko iliwaelemea wengi waliozoea nyanda za chini. Clarke alimaliza wa sita na kuanguka hali taabani. Mkenya mwenzake Temu, Kipchoge Keino, aliyekuwa akiugua tumbo, alilazimika kuacha mbio hizo kabla hazijamalizika. Katika mzunguko wa mwisho, Mamo Wolde wa Ethiopia alichomoka mbele, lakini Temu hakumwachia nafasi. Alimfikia katika mita za mwisho, akampita na kumaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alichelewa kwa sekunde 0.6 tu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, taifa ambalo halikuwa limetimiza hata miaka mitano ya uhuru. Siku chache baadaye, Temu aliongeza nishani ya shaba katika mita 5,000. Keino akashinda mita 1,500, naye Amos Biwott akatwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kenya ilirejea nyumbani na nishani tisa, nane kati yake zikiwa za riadha.

Hapa ndipo siri ilipo. Kama mchezo wa taifa ungepimwa kwa idadi ya wachezaji, kandanda ingeshinda bila jasho. Lakini klabu huwagawa mashabiki. Mwaka huo huo wa 1968 ilizaliwa Gor Mahia, ambayo ushindani wake na AFC Leopards ungewagawa Wakenya kwa miongo mingi. Timu ya taifa nayo haijawahi kufuzu kwa fainali za Kombe la Dunia. Mwanariadha, kinyume chake, alipopanda jukwaani hakuwa wa klabu wala wa kabila. Bendera iliyopandishwa ilikuwa ya wote, hata ya mtu wa Taita ambaye kijijini kwake hapakuwa na mkimbiaji hata mmoja.

Hata hivyo, utukufu huo haukumjaza Temu mfuko. Enzi zake, sheria za riadha za ridhaa zilikataza mwanariadha kulipwa fedha kwa kushinda. Mashindano ya Dunia ya riadha yalianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1997, takriban miaka 30 baada ya Mexico. Temu alifariki dunia tarehe 10 Machi, 2003, kwa maradhi ya saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 57. Waliomfuata njia wamejenga majumba na kununua mashamba kwa miguu yao. Yeye aliyewasafishia njia hakuuonja utajiri huo.

Watoto wa Kishushe wataendelea kuupiga mpira wao wa matambara, na si kosa. Lakini ikifika Olimpiki, wao na wazazi wao huisubiri riadha kama mali yao. Urithi huo waliachiwa na askari aliyekimbia bila kutarajia malipo. Taifa linalojivunia jasho la mtu lina deni kwake, na deni la Temu halikulipwa akiwa hai. Lililobaki ni kulikumbuka jina lake, na kuwatunza wengine wa aina yake wangali hai.