Hakuwahi kubeba taji, lakini kila taji la vikapu lina mkono wake

Anzisha mabishano ya mpira wa vikapu popote pale, iwe ni nje ya ukumbi wa Nyayo jijini Nairobi au kwenye grupu ya WhatsApp usiku wa manane. Mtaje meneja mkuu yeyote wa timu ya NBA umsifu. Haipiti dakika moja kabla ya jamaa mmoja kuuliza ana pete ngapi. Kama hana, kesi imeisha. Hana lolote, aende nyumbani.

Ni hukumu rahisi, na ndiyo maana tunaipenda. Taji linahesabika. Kazi nyingine za meneja mkuu, kama kumwona kijana kabla wengine hawajamwona, kuajiri kocha, kupanga mishahara au kumwacha nyota aondoke wakati wake umefika, hazipigiwi picha zikiwa zimeinuliwa juu.

Hebu tutoke mjini kidogo. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu kuna kijiji kinaitwa Matondoni. Kimejulikana miaka mingi kwa kazi mbili za mikono: wanaume huunda vyombo vya baharini, wanawake husuka mikeka na vikapu. Fundi huanza na mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao moja moja, akatia kalafati, hadi siku chombo kinaposhuliwa majini. Kikienda kwenye mashindano ya mashua, anayepigiwa vigelegele ni nahodha na mabaharia wake. Fundi yuko pwani na watazamaji wengine, hana kombe mkononi. Lakini chombo kikikata maji vizuri, anayeijua bahari hutaka kujua kimeundwa na nani.

Leo tunamzungumzia fundi wa namna hiyo. Jina lake ni James Naismith, na kazi yake ilianza na vikapu, vile vile vya kubebea matunda.

Yatima aliyeacha shule

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, mkoa wa Ontario nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Scotland. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwaua wote wawili, na mtoto huyo akabaki mikononi mwa jamaa zake. Alipofika umri wa ujana aliacha shule akaenda kufanya kazi ya kukata miti msituni. Baada ya miaka kadhaa alirudi darasani, akiwa mkubwa kuliko wenzake, na akakaza hadi akafika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Alihitimu mwaka 1887, kisha akasomea theolojia.

Watu wake walitarajia awe mchungaji. Yeye alikuwa na wazo jingine, kwamba unaweza kumlea kijana kupitia michezo vile vile unavyoweza kumlea kupitia mahubiri. Enzi hizo wengi waliona michezo ni uhuni tu. Akafunga safari hadi Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwenye chuo cha YMCA kilichokuwa kikiwaandaa walimu wa mazoezi.

Siku 14 za kutafuta mchezo

Majira ya baridi ya 1891 yalikuja na tatizo. Nje kulikuwa na theluji, ndani kulikuwa na darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo yaleyale kila siku. Walimu wawili walikuwa wamejaribu kulituliza darasa hilo wakashindwa. Mkuu wa Naismith, Luther Gulick, akampa siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya ukumbi ambao hautavunja watu mifupa.

Kwanza alijaribu kuingiza ndani michezo iliyokuwepo tayari. Raga iliumiza watu na soka ikatishia madirisha. Siku zikayoyoma. Ndipo akaacha kuiga na kuanza kufikiri kama fundi: nini hasa huleta vurugu kwenye mpira? Akaona ni mtu kukimbia na mpira huku wengine wakimwangusha. Basi mwenye mpira asikimbie nao. Na kwa nini watu hupiga mashuti ya nguvu? Kwa sababu goli liko mbele yao. Basi goli liwekwe juu ya vichwa, mdomo ukiangalia dari, ili anayetaka kufunga arushe kwa ustadi badala ya kutumia misuli. Hapo alikumbuka mchezo wa utotoni kule Kanada, wa kurusha jiwe kulenga jiwe jingine lililowekwa juu ya mwamba. Aliyerusha kwa kupinda ndiye aliyepata.

Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Masanduku hayakuwepo. Kulikuwa na vikapu viwili vya kubebea matunda ya pichi. Vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa ghorofa ya ukumbi, futi 10 kutoka sakafuni, yaani takriban mita tatu, na hadi leo pete ya NBA iko urefu huo huo. Akaandika sheria 13, zikabandikwa ukutani, na tarehe 21 Desemba 1891 wale vijana 18 wakagawanywa tisa kwa tisa wakiwa na mpira wa soka. Mechi iliisha kwa bao 1-0. Kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande akautoe, kwa kuwa vikapu vile vilikuwa na matako yake kamili.

Mmoja wa wanafunzi alipendekeza mchezo upewe jina la Naismith. Alikataa. Ukaitwa tu kwa vifaa vyake, mpira na kikapu. Ukampata hata mke humo humo: Maude Sherman, aliyemwoa mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuucheza.

Rekodi inayomsuta

Sasa tufike panapouma. Baada ya kusomea udaktari huko Denver na kuhitimu mwaka 1898, Naismith aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence. Alisimamia elimu ya mazoezi na ibada za wanafunzi, akaanzisha timu ya vikapu na kuwa kocha wake wa kwanza. Mechi ya kwanza kabisa walipigwa 16-5 na timu ya YMCA ya Kansas City.

Hadi anaacha ukocha mwaka 1907, alikuwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60. Kansas ni mojawapo ya vyuo vyenye historia kubwa kabisa ya vikapu Marekani. Katika makocha wake wote hadi leo, mmoja tu ndiye aliyeondoka akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Ni yule aliyeubuni mchezo.

Hapo jamaa wa pete anacheka. Yaani bwana aliandika sheria mwenyewe na bado akafungwa?

Tusimtetee kijinga. Vipigo 60 ni vipigo 60. Naismith hakuwa kocha hodari wa mbinu, na wala hakujali sana kuwa hodari. Mara nyingine alisimama uwanjani kama refa mechi ikichezwa na timu yake. Aliamini vikapu ni mchezo wa kuchezwa, kazi ya kocha ikiwa ndogo tu. Kwa hilo alikosea, na aliyemwonyesha kosa lake ni mwanafunzi wake mwenyewe.

Ila kabla ya kufunga faili, tuulize pia taji lenyewe lilikuwa wapi. Mashindano ya vyuo ya NCAA yalianza mwaka 1939, zaidi ya miaka 30 baada ya yeye kuacha ukocha. NBA haikuwepo kabisa. Kumhukumu kwa kukosa taji ni sawa na kumlaumu fundi kwa kutoshinda mashindano yaliyoanzishwa akiwa mzee.

Waliotoka mikononi mwake

Mwanafunzi huyo aliitwa Forrest Allen, maarufu kama Phog. Aliichezea Kansas chini ya Naismith, kisha akarithi kiti chake mwaka 1907. Yeye aliamini vikapu vinafundishika, na akathibitisha. Mwaka 1952 aliipa Kansas ubingwa wa NCAA. Kwenye benchi la mabingwa hao alikaa kijana aitwaye Dean Smith, ambaye baadaye akawa kocha wa North Carolina. Mwaka 1982 Smith alitwaa ubingwa akiwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefunga mtupo wa ushindi. Mwanafunzi huyo ni Michael Jordan.

Mwingine aliyepita kwa Allen ni Adolph Rupp, aliyeipa Kentucky mataji manne. Hesabu mwenyewe: kutoka kwa mtu wa 55 na 60 hadi kwa Jordan ni hatua tatu tu.

Ila mimi nikipewa nafasi ya kumtetea Naismith kwa hoja moja, sitamtaja Jordan. Nitamtaja John McLendon. Alifika Kansas mwaka 1933, kijana mweusi kwenye chuo ambacho hakikuwaruhusu weusi kuchezea timu yake. Naismith, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, akawa mshauri wake wa masomo na kumfundisha alichokijua kuhusu mchezo ambao kijana huyo hakuruhusiwa kuucheza na wenzake. McLendon alihitimu mwaka 1936. Akiwa kocha wa chuo cha Tennessee A&I, alitwaa ubingwa wa kitaifa wa NAIA mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, na kuifanya kasi kuwa silaha kubwa ya mchezo. Naismith hakuishi kuyaona hayo. Mataji hayo hayamo kwenye rekodi yake. Je, hayana mkono wake?

Berlin, kwenye mvua

Mwaka 1936 mpira wa vikapu uliingia rasmi kwenye Olimpiki, mjini Berlin. Makocha wa Marekani walichangisha pesa ili mzee aweze kusafiri. Fainali ilichezwa nje kwenye uwanja wa udongo, mvua ikanyesha, mpira ukagoma kudunda kwenye matope. Marekani, nchi iliyompa uraia mwaka 1925, iliifunga Kanada, nchi aliyozaliwa, 19-8. Mzee mwenyewe akashiriki kuwavisha wachezaji medali. Mchezo alioubuni kutuliza wanaume 18 ulikuwa sasa ukichezwa na mataifa zaidi ya 20 mbele yake.

Alistaafu mwaka uliofuata. Alifariki tarehe 28 Novemba 1939 mjini Lawrence, akiwa na miaka 78, bila utajiri wowote uliotokana na mchezo wake. Mwaka 2010 karatasi zenye zile sheria 13 ziliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 4.3. Jumba la heshima la vikapu mjini Springfield lina jina lake.

Basi tupime vipi?

Turudi kwa meneja mkuu wetu asiye na pete. Chukua mfano wa karibu: Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya. Mwaka 2013, akiwa Denver, alitajwa kuwa msimamizi bora wa mwaka katika NBA. Timu ilishinda mechi 57, halafu ikatolewa raundi ya kwanza. Hakuwa na pete. Mwaka 2019, akiongoza Toronto, akaipata. Lakini kumbuka njia yake: mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, mtupo wa mwisho wa Kawhi Leonard ulidunda kwenye chuma mara nne kabla ya kuingia. Ungedundia nje, pengine pete isingekuja. Je, Ujiri angekuwa mtu mwingine? Kazi ilikuwa imeshafanyika. Kilichobaki kilikuwa bahati ya mpira kwenye chuma.

Mimi sisemi taji si kitu. Meneja anayesema miaka kumi kuwa anajenga, na hakuna hata ukuta unaoonekana, huyo anakula mshahara wa bure. Ninachosema ni kwamba maswali yawe zaidi ya moja. Alikuta nini? Alikuwa na rasilimali gani? Maamuzi yake yalikuwa sahihi siku alipoyafanya, bila kusubiri matokeo? Na akiondoka, anaacha watu gani? Kwa swali la mechi, Naismith anaanguka. Kwa swali la watu, sioni wa kumfikia.

Hili si la NBA pekee. Ni la mwalimu wa michezo wa shule yako aliyetolewa kila mwaka kwenye ngazi ya kaunti, lakini wachezaji wake wanne wakapata ufadhili wa chuo. Ni la kocha wa mtaani anayenunua mpira kwa pesa yake. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Na kule Matondoni wangeweza kuongeza kwamba kabla ya baharia na nahodha, kulikuwa na mtu mwenye shoka na tezo, amechuchumaa pembeni mwa mkuku, akipima mbao kwa jicho moja.

Kwa hiyo jamaa akiuliza tena ana pete ngapi, mjibu. Ni swali halali. Halafu na wewe muulize ni nani alitundika kikapu.